Mama Alivyotwanga Betri

Mama yangu alitwanga mawe ya dhahabu kule Shabunda mpaka akaota mvi. Wanawake wa kazi hiyo tunawaita mama twangaise, na jina hilo hakulionea haya hata siku moja. Vumbi la mawe ndilo lililotusomesha, kaka yangu na mimi. Ndilo pia lililomrudisha Bukavu na kifua kibovu, akae nasi kwenye nyumba yetu ya mlimani, apumzike. Nilisema apumzike. Nani alinisikia?

Kaka ndiye aliyeleta balaa. Alisikia redioni kwamba dunia nzima inahangaikia madini ya cobalt, na kwamba betri zilizokufa zimejaa cobalt. Akaanza kuzunguka kwa mafundi wa simu akikusanya betri zilizovimba, hata za taa za sola. Gunia likajaa uani. Nilimwambia sumu haichezewi, akanicheka mimi mtu wa ofisini.

“We unashinda ku bureau, utajua nini? Dhahabu inatokaka mu jiwe, cobalt inatokaka mu betri. Tunatwanga, tunaosha, tunauzisha.”

Sikio la kufa halisikii dawa.

Mtu mwenyewe hata kutwanga hakujua. Betri ya kwanza aliyoipiga ilitoa cheche, akaruka nusura aangukie ukuta. Mama alikuwa mlangoni. Alicheka, kicheko ambacho hatukukisikia tangu arudi.

“Acha, mutoto yangu. Utajivunja vidole. Uniletee kinu.”

Uso wake ulinawiri. Alikuwa amechoka kuhurumiwa, na sasa palikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeiweza. Ningemnyang'anya vipi?

Mgodini, mtwangaji mwenye akili hulowesha mawe kwanza, kwa sababu vumbi kavu huua. Mama alikuwa amewazika wenzake waliokuwa na haraka ya kutwanga makavu. Kwa hiyo kaka alipochana maganda ya betri na kumwaga vilivyomo kinuni, mama, kwa uangalifu wake wote, akamimina maji.

Vikachemka bila moto. Nilikuwa naanika nguo, nikaona moshi mweupe ukipanda, nikasikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Mama aliinama aone kuna nini, akaongeza maji. Nilipomvuta, machozi yalikuwa yakimchuruzika, na bado alinisukuma mkono.

“Iko vumbi tu. Maji itaituliza.”

Alitwanga siku zilizofuata pia, akilowesha kila mara, na kila mara akikohoa zaidi. Niligombana na kaka hadi majirani wakachungulia. Mama ndiye aliyemtetea. Mwishowe alilala kitandani, asiamke tena kwenda uani. Daktari alituambia moshi ule uliunguza mapafu ambayo tayari yalikuwa yamechakaa. Namchukia kaka ninapoandika haya, na ninampikia kila jioni.

Unga mweusi uliotoka kinuni kaka aliupeleka kwa mnunuzi wa madini. Yule mtu alichovya kidole ungani, akausugua, akautemea mate.

“Hii hatununuake, papa. Cobalt iko ndani, ndiyo, lakini imechanganyika na vyote. Inaomba usine, na acide. Hapa kwetu usine haiko.”

Kaka alirudi na mfuko wake begani. Nilimsihi asimwambie mama neno. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akashindwa kunyamaza.

“Maman, unga wameukataa.”

Mama alifumbua macho. Kila pumzi aliivuta kwa kazi. Kisha akanyoosha mkono, akamshika kaka kidole gumba, akakisugua taratibu kwenye kidole cha shahada cha kaka mwenyewe, kama mtu anayepima ulaini wa unga.

“Iko kosa yangu,” alisema. “Nguvu iliisha. Sikuilainisha muzuri.”

Tulimwambia hapana, tukamwambia habari za usine, kile kiwanda kisichokuwepo kwetu, tukaapa. Alitikisa kichwa kama anayewasikiliza watoto wanaomfariji. Alikufa asubuhi iliyofuata, akituomba msamaha kwa kutuachia unga wenye chenga.