Masanja Ametangulia

Laiti ningekataa kutoa neno siku kwaya yetu ya wazee ilipokutana tena baada ya korona. Nilikubali kwa sababu najiona msemaji.

Asubuhi hiyo nilimpigia simu Mama Kulwa, mke wa rafiki yangu Masanja, tuliyezoea kuimba naye besi.

“Baba Kulwa ametangulia,” akasema.

Nikampa pole na kukata simu kabla hajamaliza.

Ukumbini niliwasimamisha wote. “Marehemu Masanja alikuwa mwema,” nikasema, “ingawa sauti yake tuliivumilia tu.”

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akashusha barakoa taratibu.

“Nilitangulia kupanga viti,” akasema Masanja. “Kumbe mlikuwa mnanivumilia.”

Tangu siku hiyo haji mazoezini, wala salamu yangu haitikii.