Waya Wenye Koti

Sisi wa enzi za waya tunajuana. Ukimwona mtu jino lake la mbele limemegeka kidogo upande mmoja, usimwulize. Huyo alikuwa akichuna waya kwa meno. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na najua wapo wazee watakaosema sina haki ya kuwa na enzi. Waje wamwone mdogo wangu Lusekelo, miaka tisa, anayeamini kwamba muziki unatoka kwenye simu na kuingia kwenye spika kwa hiari yake.

Kwetu Ikolo muziki ulikuwa na njia, na njia yenyewe ikaliwa na panya. Baba alikuwa na amplifaya kubwa kama sanduku la bibi harusi. Deki ilikaa juu yake, na kati yao ulipita waya wenye pini nyekundu na nyeupe. Panya akautafuna wiki ileile ya kipaimara cha dada Atupele. Jirani yetu Mzee Gwamaka aliitamani amplifaya hiyo tangu siku ilipoingia. Akija kwetu aliisalimia yenyewe kwanza, sisi baadaye. Baba akatoa tamko huku akigeuza kakao kwenye mkeka:

"Amplifaya hii isipoimba Jumapili ya kipaimara, Jumatatu inakwenda kwa Gwamaka. Mimi nachukua beberu wake."

Mimi na binamu yangu Ambokile, miaka kumi kila mmoja, tukatazamana. Yule beberu tulimjua. Harufu yake ilikuwa inabisha hodi yeye angali barabarani.

Siku ileile, Jumatatu, tukatengeneza waya wa kwanza: msumari wa inchi nne uliopashwa kwenye jiko la bibi, risasi ya kulehemu iliyokwanguliwa kwenye redio iliyokufa, na kipande cha waya wa spika. Pini zilikuwa nzima, panya hakuzipenda. Tukachomeka. Ikatoka mmmmmmm. Kwaya ilikuwepo, ila kama inaimba ndani ya mzinga wenye nyuki. Bibi yetu mzaa mama, Mkisi wa Matema aliyefinyanga vyungu maisha yake yote, akainua macho.

"Chungu changu kikiharibika kinanyamaza. Chenu kinalia?"

Tukakimbilia kwa Asajile, fundi redio wa sokoni. Akaushika waya wetu kwa vidole viwili kama soksi ya mgeni.

"Nyie watoto, mbona huu umetoka uchi? Sauti ya kwenye deki ni ndogo, kila kitu kinaiingilia. Inataka waya wenye koti." Akatuonyesha kipande: uzi mmoja wa shaba katikati, plastiki nyeupe, halafu wavu wa nyuzi uliouzunguka. "Kama ule wa ungo wa televisheni."

Hilo la mwisho angelimeza tu.

Waya za king'amuzi Baba alizijua moja moja. Lakini ule uliotoka kwenye ungo, ukapitia dirishani hadi ndani, haukuwa na mlinzi. Nyuma ya televisheni fundi aliyefunga ungo alikuwa ameacha wa ziada, umejikunja kama nyoka aliyeshiba. Tukakata shubiri nne, tukarudisha kichwa chake cha kuchomekea, tukakaza. Televisheni haikugundua.

Jumanne tulipata kimya kitupu: unywele mmoja wa wavu ulikuwa umegusa uzi wa katikati. Tukakata tena. Jumatano msumari ulikuwa wa moto mno, plastiki ikayeyuka kama mafuta ya nazi. Tukakata tena. Alhamisi spika ya kushoto ikaimba, ya kulia ikasusa. Nyoka akawa amekwisha, na televisheni ikasogea hadi dirishani.

"Mbona msomaji wa habari leo yuko mbali?" Baba akauliza, amekaa kiti chake kilekile, amekunja macho.

"Labda kasafiri," Ambokile akajibu.

Jumamosi, baada ya kipande cha mwisho, waya wa ungo haukufika hata dirishani. Tukaifunika televisheni kitambaa cha maua, tukamwomba Mungu wa Atupele.

Jumapili wageni wakajaa. Mzee Gwamaka akaja na beberu kabisa, eti asirudi mara mbili. Nikabonyeza deki. Kwanza ikasikika pumzi, mwimbaji akivuta hewa kabla ya kuanza, safi kama amesimama mlangoni. Kisha kwaya nzima. Hakuna mmmm. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee Gwamaka akainamia spika ya kushoto, akahamia ya kulia, kama daktari anayetafuta ugonjwa. Hakuuona. Akamfunga beberu wake mbali na sahani, akanawa mikono, akadai wali.

"Wanangu hao!" Baba akapaza sauti. "Wametengeneza wenyewe! Waya kama huu hata Mbeya mjini hamna!"

"Ndaga fijo," shangazi akatushukuru. "Na mmeutoa wapi?"

Ambokile, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutunza siri, akanyoosha paja la kuku kuelekea nje. Baba akaufuata mfupa kwa macho: ungo, nguzo, waya uliokatika ukining'inia ukutani. Akatazama wageni. Majigambo yalikwishatoka, na hayarudi.

"Mimi ndiye niliyewaambia wakate pale," akasema.

Fimbo zetu zilisubiri hadi Jumatatu, kwa heshima ya kipaimara. Amplifaya ilibaki. Televisheni ikahamia barazani, ambako waya uliobaki ulifika, na kwa msimu mzima wa kakao nusu ya kijiji ikaangalia habari uani kwetu, Mzee Gwamaka kwenye kiti cha mbele, akibishana na mtabiri wa hali ya hewa.

Baadaye Baba alinunua waya mpya, televisheni ikarudi ndani, na majirani wakarudi kwao. Leo Lusekelo anabonyeza mara moja tu, muziki unaingia masikioni mwake bila waya, bila msumari, bila kuungua kidole. Kweli, wametushinda. Ila jana nilimwita mara nne aje kula, hakunisikia, na alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu.