Kiti Kilibaki

Mimi kazi yangu ni kujazia watu fomu. Nina meza moja, kompyuta moja na mashine ya kutoa nakala inayotaka kubembelezwa, kwenye steshenari iliyo mkabala na ofisi za serikali. Nikiona mtu anavuka barabara ameshika bahasha kwa mikono miwili, najua tayari kinachomsumbua. Nimejaza fomu za pasi, za mirathi, za kuhamisha watoto shule. Watu husema nina mdomo, na kweli ninao, lakini fomu zangu hazirudishwi. Kwa hiyo Shangazi aliponiletea fomu ya kuombea ruzuku ya kikundi chake, kurasa kumi na nne, nilijua nimepata kazi ya asubuhi moja. Ilichukua siku nne na nusura itugombanishe moja kwa moja.

Shangazi ni dada wa baba yangu, amempita miaka miwili na hajawahi kumruhusu asahau. Ni fundi cherehani. Futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda benki anakwenda nayo. Maneno anayatoa machache kana kwamba anayanunua. Yeye ndiye anayeongoza kikundi cha watu kumi na mmoja wanaotengeneza viti vya magurudumu na kuviazimisha bure kwa yeyote ambaye miguu yake imegoma, awe amevunjika, amepooza au amezeeka tu. Ndiyo, ni mwenyekiti wa kikundi cha viti. Utani huo umeshachoka, usiniletee.

Fundi wa kuchomelea, ambaye wote tunamwita Cheche, huunga fremu kwa mabomba na magurudumu ya baiskeli chakavu. Shangazi hushona sehemu ya kukalia na ya kuegemea. Mtu akipona, au asipopona, kiti kinarudi, kinaoshwa, kinavuliwa kitambaa chake na kuvishwa kingine, kisha kinakwenda kwa mwingine. "Hakuna anayekalia kitambaa cha mwenzake," ndiyo sheria ya Shangazi. Haimo kwenye katiba ya kikundi, lakini ndiyo pekee ambayo haijavunjwa hata mara moja.

Karakana yao ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Mwenye duka aliwapa kwa hisani, wakakaa miaka minane, na sasa alitaka kupanua biashara. Aliwaambia kwa upole kabisa kwamba mwisho wa mwaka anavihitaji vyumba vyake. Ruzuku ile ingewalipia pango mahali pengine kwa miaka miwili na kuwanunulia mashine ya kuchomelea, maana ile ya Cheche ni ya kuazima. Ikikosekana, viti vilivyopo vingegawiwa kwa mara ya mwisho na kila mtu aende kwake. Walishakubaliana hivyo kikaoni, na muhtasari wa kikao niliuchapa mimi mwenyewe huku roho inaniuma.

Basi tukaketi kwenye meza yangu, yeye na miwani yake, mimi na kibodi.

"Historia ya kikundi," nikamsomea. "Kwa maneno yasiyozidi mia mbili."

Shangazi akafikiri kidogo. "Kiti kilibaki."

"Kiti gani?"

"Kiti kilibaki, tukakiazimisha. Andika."

"Shangazi, hayo hayafiki hata mstari. Wametupa maneno mia mbili."

"Hawajasema lazima tuyamalize."

Niliandika ya kwangu. Nilianza na "kutokana na changamoto mbalimbali zinazoikabili jamii yetu" nikatiririka hadi neno la mia moja tisini na nane, na nikajipongeza. Siku ya nne tukafika kwenye swali la ukurasa wa tisa, lenye visanduku viwili, Ndiyo na Hapana: je, asasi ina daftari la wanufaika lenye majina na tarehe?

"Mnalo?" nikauliza.

"Wote nimewaandika."

Nilimwangalia. Kwa miaka saba nimekuwa nikienda karakana ile kila Jumamosi kuwasaidia barua zao, na sijawahi kuona daftari hata la kuandikia maziwa. "Umewaandika wapi?"

"Wapo," akasema, na hapo hapo simu yake ikalia. Mteja anataka suruali yake, ana safari. Shangazi akashika njia.

Nikautazama mgongo wake na kusema moyoni, masikini, anaona haya kukiri. Nikaweka alama kwenye Ndiyo. Swali lililofuata liliuliza idadi ya walionufaika tangu kikundi kianze. Tisini niliiona chache. Mia mbili niliiona haina haya. Nikaandika mia moja na ishirini, nikatuma, nikaenda kunywa chai.

Baada ya wiki tano nikapigiwa simu. Sauti ya mama mmoja, taratibu sana, ikanijulisha kwamba kikundi kimepita mchujo wa kwanza na kwamba yeye, afisa wa mfuko unaotoa ruzuku, atakuja Alhamisi kujionea kazi. "Na tungependa kuliona lile daftari la wanufaika," akasema.

Nilimshukuru kwa sauti nyembamba. Kisha nikachukua daftari gumu kutoka rafu ya dukani kwetu, kalamu nne za rangi tofauti, nikaanza kuzaa watu. Niliwapa majina, umri, magonjwa na tarehe. Kufika wa sitini nilikuwa nimeishiwa, nikaanza kuwavamia watu niliowahi kuwafahamu. Mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la sita nilimpa kiharusi, na sijuti. Nilipomaliza wa mia moja na ishirini nikapaka kingo za kurasa majani ya chai ili lionekane limekaa miaka. Kwa kweli lilipendeza.

Jumatano mchana nikampelekea Shangazi karakana. Akavaa miwani, akafungua katikati.

"Huyu nani?"

"Mnufaika."

"Na huyu?"

"Naye pia."

Akasoma chini kidogo kwa kidole. "Hawa umeandika ni mapacha. Wote wawili wamevunjika mguu wa kushoto, siku moja."

Cheche, aliyekuwa nyuma yake akipiga msasa bomba, aliangua kicheko mpaka ikabidi akae. Shangazi hakucheka. Aliendelea kusoma ukurasa mwingine mzima.

"Nilikuambia nimewaandika," akasema.

"Lakini sijawahi kuona..."

"Hukuniuliza tena. Uliamua tu kwamba mimi ni mwongo." Akalifunga daftari, akainama, akalisukuma chini ya mguu mmoja wa cherehani uliokuwa mfupi. Akaitikisa cherehani. Ikatulia. "Hapo litafaa."

"Sasa kesho tutamwonyesha nini, Shangazi?"

"Kesho njoo. Na uje na daftari tupu."

Niliondoka nimenuna. Niseme ukweli, niliumia kuitwa hivyo mbele ya Cheche, na niliumia zaidi kwa sababu alikuwa sahihi. Lakini hofu ilizidi vyote. Nilimwona afisa akifunga faili lake, na viti vikigawiwa, na Shangazi akirudi kushonea suruali za watu nyumbani kana kwamba miaka yote ile haikuwepo.

Alhamisi afisa alifika saa tatu kamili. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea, si vya kuonekana navyo, na nilimpenda kwa hilo. Aliuliza maswali yake polepole. Alitaka kujua kiti kinachukua siku ngapi, nani anapima mgonjwa, kiti kikiharibika kinarudishwa vipi. Cheche alimkalisha kwenye kiti kilichokwisha na kumzungusha uani mara mbili, na afisa akashikilia pembeni akicheka. Kisha akarudi ndani, akafungua faili, akavaa uso wa kazi.

"Naomba sasa nilione daftari la wanufaika."

Mimi nikaanza kuichunguza sakafu.

"Cheche," Shangazi akasema, "shusha pazia."

Kati ya vyumba viwili vya karakana palikuwa na pazia zito la viraka, vya kila rangi, vimeungwa kuanzia juu hadi chini. Nimelisukuma kwa bega mara ngapi sijui, nikiwa na sinia la chai mikononi. Siku zote nilijiambia kwamba Shangazi hatupi kitambaa. Cheche akapanda kiti, akalichomoa pamoja na ufito wake, wakalitandaza kwenye meza ya kukatia, mgongo juu. Mgongoni lilikuwa limeshonewa bitana ya kijivu. Shangazi akachukua wembe, akaanza kuifumua bitana, uzi mmoja mmoja, bila haraka yoyote, huku mtu wa mfuko akimsubiri na mimi nikitokwa jasho.

Akaikunja bitana pembeni. Chini yake kila kiraka kilikuwa na maandishi ya wino mweusi.

Vilikuwa vile vitambaa vya viti. Kila kiti kiliporudi na kuvuliwa, Shangazi alikuwa ameandika kwa upande wa ndani nani alikikalia, tangu lini, hadi lini, kisha akakiunga na wenzake. *Mzee wa redio, nyonga, Machi hadi Julai, amepona. Dereva mrefu, miguu yote, miaka miwili. Bibi anayecheka. Fundi rangi aliyeanguka, amerudi kazini, ameanguka tena, amerudi tena.*

Niliinama kusoma. Cheche naye alikuwa ameinama kuliko mimi; kumbe hata yeye hakuwa akijua.

"Kwa nini umeyafunika, mama?" afisa akauliza.

"Ni wagonjwa wa watu, mwanangu. Nitawaanika mlangoni?"

Afisa akaiweka kalamu yake chini. Kisha akauliza, "Na wale walio na viti sasa hivi?"

"Kumi na tisa. Hao majina yao bado wameyakalia."

Afisa alicheka hadi akavua miwani. Alipomaliza akaeleza kwamba yote hayo ni mazuri, ila pazia haliingii kwenye faili. Walihitaji daftari la kawaida, likae kwa kikundi, na yeye alione leo. Ndipo nilipoelewa kwa nini niliambiwa nije na daftari tupu. Tukaanza. Shangazi akisoma, Cheche akikumbushia, mimi nikiandika kwa mwandiko wangu wa mirathi, ulio bora kuliko yote niliyo nayo. Saa mbili nzima. Kila kiraka kilikuja na kisa chake, na afisa, aliyesema ana kikao mchana, hakuonekana kukikumbuka.

Vikawa viraka mia moja arobaini na saba. Ukijumlisha wale kumi na tisa, mia moja sitini na sita. Afisa akatazama fomu yetu, akatazama daftari.

"Hapa mmeandika mia moja na ishirini."

Nilidanganya, na hata kudanganya kwenyewe nilidanganya pungufu.

"Mwandishi wetu ni mtu mwangalifu sana," Shangazi akasema, bila kunitazama.

Afisa alikuwa anakunja pazia amsaidie Cheche, mkono wake ukagusa pindo la juu, pale ufito unapopita. "Hapa kuna kingine," akasema. "Hiki hatujakisoma."

"Hicho hakihesabiwi," Shangazi akasema. "Huyo hakuazima. Kilikuwa chake."

Kilikuwa kitambaa cha shati la mistari, kimepauka. Nilikuwa karibu nacho, nikasoma kabla sijajizuia. *Mume wangu. Jumatatu hadi Ijumaa.*

Mumewe alifariki nikiwa shule ya bweni. Nilijua aliugua muda mrefu, nilijua alizikwa Jumamosi. Cha kiti sikukijua, na sikuwahi kuuliza.

"Alikaa ndani miezi saba," Shangazi akasema. Alikuwa akiikunja bitana ambayo ilishakunjwa. "Cheche alikuwa jirani yetu. Nikamwambia niungie kitu chenye magurudumu. Akakileta Jumatatu. Tukamtoa nje, akakaa juani, akasalimia kila mtu mpaka sauti ikakauka. Siku tano. Alifurahi sana yule mtu." Akaiweka bitana mezani. "Wiki iliyofuata jirani mwingine akaja kuuliza, kile kiti mnafanyia nini."

Kiti kilibaki. Mimi nilikuwa nimempa mfadhili maneno mia moja tisini na nane kuhusu changamoto mbalimbali. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, maana hata Cheche alikuwa anajipangusa kwa kitambaa chenye grisi na uso wake ukazidi kuwa mweusi.

"Tumwandike, mama," afisa akasema taratibu. "Huyu ndiye wa kwanza."

Shangazi akaangalia shati lile la mistari. "Haya. Mwandikeni."

"Mwongeze tu mwishoni," afisa akaniambia, "haina shida."

"Hapana," nikasema.

Wanaonifahamu wanajua sirudii kuandika ukurasa hata kwa bunduki. Siku ile nilichana kurasa zote, nikageuza daftari, nikaanza upya: moja, mume wa mwenyekiti, Jumatatu hadi Ijumaa. Mbili, jirani aliyekuja kuuliza. Tatu, Mzee wa redio. Shangazi akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, akaanza kunisomea tena bila kuulizwa. Afisa alikuwa ameshaondoka tulipomaliza, na fomu yetu alikuwa ameirekebisha kwa mkono wake: mia moja sitini na saba.

Ruzuku ilitoka, pungufu ya tuliyoomba lakini ya kutosha pango na mashine. Karakana mpya ina mlango wa mbao wenye kufuli, hauhitaji pazia. Shangazi amelitundika hivyo hivyo, na bitana mpya. Lile daftari langu la majani ya chai lilihama pamoja na cherehani, na bado linaishikilia vizuri.

Juzi imekuja fomu ya ripoti ya mwaka. Swali la kwanza lilikuwa historia ya kikundi, maneno yasiyozidi mia mbili. Nilichapa maneno mawili, nikaweka nukta, nikaiacha nafasi yote iliyobaki wazi.