Wekundu wa Pembeni

Mimi ni fundi simu, Soweto ya Mbeya, na kazi yangu tangu asubuhi mpaka jioni ni kutafuta ubovu na kuuondoa. Nalisema hilo mapema ili ieleweke kwa nini mwaka jana nilijishangaa nilipojikuta naomba kwa moyo wote picha yangu iwe na kasoro.

Nje ya ufundi, napiga picha nebula, yale mawingu makubwa ya gesi yaliyotanda kati ya nyota. Nyingine huwaka kwa rangi nyekundu. Nyingine ni gesi iliyotemwa na nyota inayozeeka, nazo wataalamu wanaziita nebula za sayari ingawa hazihusiani na sayari hata kidogo. Baba yangu alipolisikia jina hilo aliweka jembe chini.

"Kama si sayari, kwa nini wameziita sayari?"

Nikamwambia waliozigundua waliziona duara, wakadhani.

"Na walipojua?"

"Waliliacha jina hivyo hivyo."

"Kumbe nao ni kama sisi tu," akasema, akaendelea kulima.

Mbeya taa ni nyingi, kwa hiyo picha zangu napigia nyumbani kwa wazazi, Kilolo. Kamera inakaa kwenye stendi yenye mota ndogo inayoizungusha taratibu kufuata nyota, na inapiga picha za dakika mbili mbili, nyingi, mpaka nitosheke. Kwa mikono yangu niliifungua nikatoa kile kioo cha ndani kinachozuia wekundu, maana wekundu wa gesi ndio hasa nilioutaka.

Baba alikuwa haamini kwamba mtu anaweza kukaa nje kwenye baridi ya Julai kwa hiari yake. Alikuwa akija na tochi kuniangalia. Nikamwambia mwanga mweupe unaharibu macho ya mtu anayetazama nyota, labda mwekundu. Siku iliyofuata akakata kipande cha mfuko wa rambo wa zamani, mwekundu, akakifunga mbele ya tochi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kosa ni langu. Nilifikiria macho, nikasahau kamera niliyoifungua makusudi ili imeze wekundu. Akawa anakuja kila baada ya muda mfupi, anapita mbele kabisa ya stendi, chini kwenye mteremko wa viazi.

"Hujaganda?"

"Bado, baba."

Anarudi ndani. Baadaye kidogo huyo tena.

Mwaka juzi nilipata picha nzuri kuliko zote, ya nebula kubwa ya upande wa kusini. Pembeni chini, kushoto, palikuwa na wekundu mwingine hafifu uliotandaa kama moshi, nami nikavimba kichwa kwamba nimenasa gesi ambayo wengine hawajainasa. Niliichapisha, tukaitundika sebuleni kando ya kalenda ya kanisa. Wageni walipouliza, baba alikuwa akiwaambia imetoka hapo juu ya shamba letu.

Masika yaliyofuata baba alifariki, presha, siku mbili tu. Baada ya matanga nilirudi Mbeya, na ili nisikae bure na mawazo nikaituma picha ile kwenye kundi letu la wapiga picha za anga. Mwenzetu mmoja wa Iringa, ambaye sijawahi kuonana naye, akauliza ule wekundu wa kushoto ni nini. Akaweka ya kwake. Pembe ile ilikuwa nyeusi tii.

Niliacha simu ya mteja mezani ikiwa wazi, skrubu zimetawanyika. Picha hizi huunganishwa na programu ya kompyuta. Inazipanga zote moja juu ya nyingine, na kitu kilichotokea mara moja tu, ndege au kimondo, inakifuta. Kinachobaki ni kile kilichorudi mara nyingi. Sasa huu wekundu ulikuwa gesi, au alikuwa baba? Picha moja moja zingenijibu, lakini nilikuwa nimeshazifuta kupata nafasi. Na ya yule bwana haikuthibitisha kitu, kamera yake bado ina kioo.

Njia ikabaki moja: nirudi mahali pale pale, mwezi ule ule, kamera ile ile. Pembe ikiwa nyeusi, basi wekundu ulikuwa wa baba, na ninaye kwenye picha. Nilitaka iwe nyeusi. Nilitaka mpaka nikajiogopa.

Julai nikashuka stendi ya Ipogolo, Iringa, na boksi langu, nikapanda gari la Kilolo. Mama sikumweleza kitu. Usiku niliiacha kamera ifanye kazi, nikajikunja nyuma ya banda la ng'ombe na blanketi kichwani, nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi, jikoni kwa mama, nikaunganisha picha. Wekundu ulikuwepo, pale pale, kushoto chini. Niliumia, sijui hata niseme nilimkasirikia nani. Mama alikuwa anamenya viazi. Akaniuliza nina nini, nikamweleza yote mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni gesi," nikamwambia. "Hakuwa baba."

Mama akaacha kumenya.

"Mimi nilitoka," akasema.

"Ulitoka lini?"

"Si jana hiyo. Mara nne hivi. Na hiyo tochi yake."

Hapo nikapandisha hasira. Nikamwambia ameniharibia, nimetoka Mbeya yote hiyo kwa usiku mmoja, alikuwa anatafuta nini nje. Hakunijibu kwa ukali.

"Nasikia mtu uani, nasema huyu mzee anamsumbua mtoto, ngoja nimwite aje alale. Nachukua tochi natoka. Nafika pale kwenye viazi ndiyo nakumbuka."

"Mara zote nne?"

"Zote nilikuwa nimesahau."

Viazi vilichemka, tukala. Alipokusanya sahani akasema, "Leo lala hapa tena, upige yako. Mimi sitatoka, ujue moja."

Jioni ile alijifungia chumbani mapema, taa akazima. Anga lilikuwa safi. Nikawasha mota, nikapiga picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote safi, hazina mtu. Ningeendelea hivyo mpaka mwisho ningejua. Kabla ya ya nne nikaenda kugonga dirisha lake.

"Kuna nini?" akauliza. Alikuwa hajalala.

Nikamwambia achukue tochi, aje.