Stima ilirudi, windows zikavurugika, na meneja wa hoteli akaitwa mpenzi

Wakuu, niaje. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke polepole, bado naona aibu.

Nakaa mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi, lakini cyber yangu iko kijiji cha Lindi, Kibera. Kompyuta ni moja.

Wateja wanakaa kwenye benchi kwa foleni, na kila mmoja namfungulia window yake kwa mpangilio huohuo. Wa kwanza kwa benchi, window ya kwanza. Wengi hawana email, kwa hivyo natumia ya cyber. Address ya anayetumiwa naiandika mwisho kabisa, nisije nikatuma kitu kabla mwenyewe hajakubali.

Najua, mjanja sana.

Siku hiyo alitangulia Mutua, fundi wa viatu. Mke wake alikuwa amekasirika akarudi kwao Kitui, na ujumbe ulikuwa mtamu ajabu: "Rudi nyumbani mpenzi. Sitarudia tena. Kuanzia sasa nitapika mimi."

Akafuata Nekesa wa Mashimoni, mama anayefulia watu nguo. Alikuwa anaomba kazi ya jikoni kwenye hoteli fulani, na mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi na moja jioni hiyo. Aliitaka kazi hiyo kweli kweli.

Nimemaliza kuandika zote mbili, stima ikapotea.

Iliporudi nikabonyeza Restore, windows zikafunguka. Nekesa akanisomea address kutoka kwa simu. Nikaangalia benchi, nikafungua window inayolingana, nikaandika, nikatuma.

Ndipo nikasoma. Meneja wa hoteli alikuwa ameombwa arudi nyumbani.

"Mbona unatoa jasho hivyo? Umetuma ama hujatuma?" Nekesa akauliza.

Nikamwambia ukweli.

"Wewe! Umeita meneja mpenzi kwa niaba yangu? Sasa nani ataniita kazi?"

Machozi yakamlengalenga. Wakuu, nilijisikia vibaya sana. Nikatuma barua yake halisi na kuomba msamaha, saa kumi na moja haijafika.

Mutua naye: "Yangu usitume bado. Wife atasikia napikia meneja."

Kesho yake nikaanza troubleshooting. Nika-update browser, nikatoa extensions, nikaitukana kwa sauti ya chini. Nikafungua windows tatu, nikazima kwa switch, nikarestore. Zikarudi sawa. Nikarudia, sawa tena. Nikadhani nimerogwa.

Halafu stima ikapotea kweli, benchi ikiwa imejaa. Wote wakainuka, wakatoka nje kuangalia kama kwa jirani pia imepotea. Si mnajua kawaida yetu. Iliporudi, wakaingia na kukaa popote palipo wazi.

Ndipo nikakumbuka: jana yake Nekesa alikuwa amekaa pa Mutua, nami nikafungua window ya kwanza.

Browser haikuwa na makosa yoyote. Benchi ndiyo ilirestore vibaya.

Siku hizi kila window naipa jina la mteja, na nasoma kabla ya kutuma. Hilo ndilo somo langu, lichukueni bure.

Nekesa aliitwa interview. Swali la kwanza la meneja: "Ni kweli kuanzia sasa utapika wewe?" Akajibu ndiyo, na hatarudia tena. Kazi akapata, na hapa kwangu akaleta chapati mbili bado moto.

Sasa nyinyi wa IT, shukeni kwa comments: kuna shortcut ya kurestore benchi?