Masale Kwenye Njia ya Mwamba

Nilifunga duka langu la vitenge hapa Nalufenya, mjini Jinja, siku ya Jumatano, siku ambayo mfanyabiashara mwenye akili hafungi, kwa sababu ya simu ya Mjomba Hamidu. Mjomba ni kaka wa marehemu mama yangu. Anaishi nje kidogo ya Nakaloke, ng'ambo ya Mbale, na si mtu wa kupiga simu kwa salamu tu.

"Zaina," alisema, "hawa watu ya kujitolea wamepanda masale kwa shamba yetu. Mama yako amebaki upande yao." Kisha akakata.

Asiyetoka huku nimweleze. Masale ni ule mmea wa majani marefu ambao ukiukata leo kesho unachipua. Ukikuta mstari wake shambani huna haja ya kuuliza, umeonyeshwa mpaka. Na mama yangu amezikwa katika shamba lile. Kikundi chenyewe nilikuwa nimekisikia: wanafagia njia ya kwenda kwenye mwamba wa kale ulio juu ya shamba la mjomba, wanaongoza watalii, wanachunga mahali pasiharibiwe, na hawalipwi. Hapo kwenye kutolipwa ndipo niliposhuku. Anayefanya kazi juani bure ama ni mtakatifu ama ana lake jambo, na watakatifu sijawakuta wengi tangu nianze biashara.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi, nikakaa dirishani. Mpaka tunafika Iganga nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote, makali mbele, ya adabu nyuma. Tirinyi, kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Mpologoma, watu walikuwa wameinama majini wakifanya kazi, nami macho yangu yakatafuta masale tu. Niliyaona kila mahali, kati ya muhogo na muhogo, nikajiambia kila mstari ule una mtu aliyelia.

Saa nne nilikuwa Mbale, mlima Wanale ukiwa na wingu kichwani, na baada ya teksi ya Nakaloke nikamkuta Mjomba Hamidu ananingoja penye wauza vitunguu. Amekonda. Nilimuuliza kwa nini hakuyang'oa mwenyewe.

"Masale ya mtu haing'olewi na mtu ingine," akanijibu. "Aliyepanda ndiye ang'oe, majirani wakiona. Wewe ukigusa, wewe ndio mwizi."

Kwenye mwanzo wa njia ya mwamba kulikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake mzee mrefu aliyevaa fulana ya kijani, mgongo umenyooka. Alikuwa Afande Opio, askari magereza mstaafu kutoka Teso, upande wa kaskazini, mwenyekiti wa kikundi.

"Karibu mama. Andika jina kwa kitabu ya wageni. Na mahali unatoka."

Mgeni! Mimi, nyumbani kwa mama yangu! Nikaandika jina langu, na penye kuulizwa ninatoka wapi nikaandika kwa hasira, "Hapa hapa." Afande alisoma, akakifunga kitabu. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Mimi Kiswahili changu ni cha msikitini na sokoni, kimenilea. Kizazi cha mjomba walikipata kutoka kwa wanajeshi, watu wenye bunduki, na mpaka leo akiambiwa "afande" anashusha macho.

Tulipanda sote watatu. Njia ilikuwa safi kupita kiasi. Huku na huku masale, hatua kwa hatua, na chini ya kila shina mawe yaliyopakwa chokaa, yote yamepangwa sawasawa. Nilikuwa nimewahi kuiona njia ya namna hii mahali fulani, sikukumbuka ni wapi, na hilo likanizidishia wasiwasi.

Juu mwambani palikuwa na mwanamke wa makamo, Nambozo, naye wa fulana ya kijani, amepiga magoti akisaga ulezi kwenye mashimo ya jiwe. Ndiyo kazi yake ya kujitolea, kuonyesha wageni wazee walivyosaga kabla ya mashine. Mama alinisimulia mashimo yale, kwamba alipokuwa msichana walikuwa wakigombea lililo karibu na kivuli. Nikageuka nikashuka upesi kwenda kaburini kabla sijalia mbele ya watu.

Kaburi halikuwepo.

Sisi hatujengi saruji. Mama aliwekewa mawe mawili tu, kichwani na miguuni, pembeni ya mbuni, mti wa kahawa. Sasa palikuwa na nyasi zilizofyekwa vizuri, na mawe yote ya mteremko ule yalikuwa njiani, meupe, yanafanana.

"Mawe ya mama yangu yako wapi?" Nilimpigia kelele Afande, aliyekuwa amenifuata pamoja na mjomba. Yale maneno yangu ya basini yalinitoka yote, hata yale ya mwizi wa ardhi.

Afande Opio aliniacha nimalize. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama, mimi nilikuwa magereza miaka mingi. Kule tunapanda hii, tunapaka mawe chokaa, mgeni akikuja anaona mahali iko safi. Kwetu hii ni maua tu. Hakuna mtu aliniambia iko mpaka. Hakuna mtu aliniambia iko kaburi." Akamgeukia mjomba. "Mzee, kwa nini hukusema?"

Mjomba alitazama chini. "Wewe ni afande."

"Afande ya nini? Mimi nilistaafu!"

Hapo nikakumbuka njia ile niliiona wapi. Ni njia ya kuingilia gereza, kila gereza. Lakini hasira haikunitoka, na nadhani aliiona, maana alivua kofia akaniambia taratibu, "Mama, nionyeshe ilikuwa wapi. Nitarudisha na mkono yangu."

Nikanyoosha mkono. Nikaushusha. Mbuni ulikuwa umekatwa zamani. Nilisema pale, mjomba akasema hapa, tukabishana, na katika kubishana nikaona aibu ambayo sijapata kuiona. Nilikuwa sijafika pale kwa miaka tisa. Nyani haoni kundule.

Ni Nambozo aliyeshuka, unga bado mikononi. "Siku ya kufyeka nilikuta udongo imeshuka, ndefu kama mtu," alisema. "Sikujua ni nani. Nilisema moyoni, hii ni kabuli. Mawe walikuwa wamebeba, basi niliweka jiwe yangu ya kusagia." Akapapasa nyasini, akainua jiwe la mkononi, jeusi, limelika upande mmoja.

Nilimshuku naye. Nakiri. Nilifikiri anamwokoa mwenyekiti wake. Lakini nilipopiga magoti nililisikia bonde lile dogo kwa viganja vyangu, na mjomba akapima kibla, akaanza kusoma Fatiha. Nikaitikia. Sikuwa na ushahidi mwingine, wala haki ya kuudai.

Saa nane majirani waliitwa, na mbele yao Afande Opio akang'oa masale yake, shina moja moja, jasho likimtoka, hakukubali msaada. Mawili mjomba aliyaomba, akayapanda kichwani na miguuni mwa mama. Afande alileta na mawe mawili ya chokaa, akayaosha kwa maji ya dumu mpaka yakarudi rangi ya mawe.

Kurudi Jinja nililala njia nzima. Jirani yangu wa duka aliniuliza asubuhi kama wale wezi wa ardhi niliwapata. Nikamwambia mwenye kosa nilimpata, nikafungua duka. Sikumsimulia jambo la mwisho, kwamba kabla ya kuondoka Nakaloke nilirudi peke yangu kibandani, nikamwomba Afande kalamu na kile kitabu cha wageni. Nikaikata ile "Hapa hapa," nikaandika "Jinja."

"Karibu tena, mama," akasema.

Nikamuuliza kikundi chao kinafagia siku gani.