Mchoro wa Kitanda cha Kufumia

Dada yangu mkubwa alipoanza kuniita kwa sauti kabla sijaingia uani, nilidhani ni furaha ya kuniona. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anauliza ni nani anakuja. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto, kwa maelezo ya daktari wa macho wa Sumbawanga mjini, lilikuwa linapungua na lisingerudi. Dawa ya matone ingelichelewesha tu. Daktari hakusema ingelichelewesha kwa muda gani, nasi hatukumuuliza.

Anaishi kijijini, upande wa kwenda Laela, kwenye nyumba iliyo wazi kwa upepo pande zote. Mimi naishi mjini. Miaka yote hiyo amekuwa akisokota uzi wa pamba kwa mkono, kwa kijiti kile chenye kigurudumu chini ambacho hukizungusha kama pia. Pamba huletewa kutoka bondeni, upande wa Muze. Anasokota huku akiongea, akisubiri ugali, hata akisali rozari. Uzi anaukunja mabonge na kuyatia kwenye ndoo yenye mfuniko. Alikuwa na ndoo tatu zimejaa, na hakuwa na mahali pa kuufumia.

Babu yetu mzaa baba alikuwa mfumaji. Nguo zake zilikuwa shuka nzito za pamba zenye mstari mweusi pembeni, za kujifunika kwenye baridi ya huku juu. Dada, alipokuwa msichana mdogo, ndiye aliyekuwa akikaa ng'ambo ya nguo, babu akikaa upande huu, wakipitishiana kijiti cha uzi kati ya nyuzi zilizotandazwa. Mimi sikukaa. Nilikuwa nasoma, na nilipofika sekondari nilianza kuziona zile shuka ni nguo za watu wasio na hela ya duka. Babu alipofariki, miti ya kitanda chake cha kufumia ilibaki nyuma ya nyumba mpaka ikaoza. Hakuna aliyeichoma, hakuna aliyeificha. Ilioza tu, mimi nikiiona kila likizo.

Dada alikuwa ameshawaelekeza wajukuu zake wamchongee kitanda kingine. Walichonga mara mbili. Mara ya kwanza nyuzi zililegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Mara ya pili ndiyo akakiri mwenyewe kwamba hakumbuki miti ile ya ndani ilipangwaje, upi juu na upi chini.

Kwa hiyo mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mpangaji kwa jirani yangu, aliponiambia kwamba ameona mchoro wa mfumaji wa Kifipa kwenye kitabu cha zamani, sikulala vizuri. Alisema kitabu kiko kwenye maktaba ya misheni moja kongwe, ukingoni mwa uwanda, wanakohifadhi vitabu vilivyoletwa na mapadri wa mwanzo. Hakiazimwi. Hakipigwi picha za simu. Mtu anakwenda kukitazama pale pale, kwa kuomba kabla.

Nikamwambia dada. Akauliza, "Miti inaonekana?"

"Anasema inaonekana yote."

"Basi nipeleke jicho hili likiwa bado lipo."

Nikaahidi. Hapo ndipo makosa yangu yalipoanzia, na yote ni yangu.

Nilikwenda kwenye ile misheni kwa Noah ya abiria ya asubuhi, nimebeba maharage ya dada kwenye mfuko. Maktaba ni chumba kirefu chenye kuta nene na madirisha madogo, harufu yake kama ya ghala lililofagiliwa vizuri. Msimamizi wake ni Sista, mwanamke wa makamo, Msukuma wa familia iliyohamia bondeni na ng'ombe zamani. Alinikaribisha vizuri.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, Sista. Nimekuja kuwasalimu tu."

Sisi tuliolelewa na wazee wa Ufipa tunajua kwamba mtu hafungui shida yake siku anapoingia nyumba ya watu kwa mara ya kwanza. Unasalimu, unaulizia mvua na mazao, unaacha ulichokuja nacho, unaondoka. Wenyeji nao wanajua kwamba una jambo, na ukirudi wanakupa nafasi ya kulisema. Ndivyo nilivyochumbia, ndivyo nilivyoomba shamba. Tuliongea na Sista kuhusu mahindi na bei ya mbolea. Nikamwachia maharage, akashukuru sana.

Nilirudi baada ya wiki kadhaa na unga wa ulezi. Nilitegemea aniulize jambo langu. Yeye akanionyesha makabati, akanieleza jinsi wanavyopambana na mchwa, akaniambia vitabu vingine havina nakala nyingine nchini. Mimi nikasifia madirisha. Saa ya Noah ikafika.

Dada aliuliza, "Wamekubali?"

Ningemwambia ukweli pale, mambo yangekuwa mepesi. Lakini alikuwa amekaa barazani uso ameuelekeza kwangu, akinitafuta kwa lile jicho moja, nikasema, "Wamekubali. Tunangoja siku tu."

Akaanza kujiandaa. Aliwaambia majirani. Alimwambia mwenyekiti wa jumuiya kule kanisani kwamba kuna kipindi atakosekana. Kila nilipompigia simu aliuliza siku imefika, nami nikajibu bado kidogo. Na kila mara alinieleza jicho lilivyo: sasa haoni tena tundu la sindano, sasa kuku weupe anawaona, wa kijivu hawaoni.

Ndipo nikaandika barua. Nilisoma mpaka kidato cha nne na barua rasmi nilifundishwa, lakini mkono ulikataa. Nilijaza kurasa mbili: salamu kwa Sista, kwa mapadri, kwa wafanyakazi, pole kwa baridi, pongezi kwa utunzaji. Mwishoni niliandika kwamba Mungu akijalia ningependa siku moja tuendeleze mazungumzo yetu mazuri. Nikaweka namba ya simu, nikaona nimefanya la maana.

Sista alipiga mwenyewe.

"Mzee, barua yako imefika. Tumeisoma watu watatu hapa. Padre amesoma, mhasibu amesoma, na mimi. Hakuna aliyejua unataka nini."

Nikacheka kidogo, nikamshukuru kwa kupiga.

"Usinishukuru. Unataka nini?"

"Mambo ya hapo yanaendeleaje, Sista?"

"Yanaendelea. Mzee wangu, nyie Wafipa mnaweza kutuma radi ikafika Mwanza na isikosee nyumba. Kusema unataka kitabu gani mnashindwa?"

"Na nyie Wasukuma mngeweza, mngeingiza ng'ombe mpaka maktaba," nikamrudishia utani.

"Wangeingia na wangesema wanataka majani," akajibu. "Sema."

Nikasema. Niliposhaanza sikuacha: babu, shuka, ndoo za uzi, miti iliyooza, mchoro. Nikamweleza kwamba anayetaka kuuona si mimi, ni dada yangu, na jicho lake moja ndilo lililobaki na linakwenda.

"Anajua kusoma huyo dada yako?"

"Hapana."

"Utaratibu wetu unasema mtafiti aandike jina la kitabu, sababu ya utafiti, na awe anasoma. Meza ni ya mtu mmoja." Akavuta pumzi. "Kitabu nakijua. Nitaongea na Padre. Lakini mzee, umekuja hapa mara mbili. Mara mbili ulikaa kwenye kile kiti, hatua chache kutoka kabatini kilipo. Kwa nini?"

Adabu yangu ilikuwa nzuri, na ilikuwa imetumia mwanga wa jicho la mtu mwingine.

Nilikwenda kwa dada siku hiyo hiyo, kwa sababu niliogopa kwamba nikilala nitapata maneno ya kujitetea. Alikuwa anasokota. Nikamwambia hakuna siku iliyopangwa, haikuwahi kupangwa, na kwamba jambo lenyewe nimelitaja leo kwa mara ya kwanza.

Mkono wake haukusimama. "Kwa hiyo maharage yangu yalikwenda kufanya nini?"

"Kusalimu."

"Na unga?"

"Kusalimu."

"Umewasalimia watu kwa chakula changu mpaka nimekaribia kupofuka." Uzi ukakatika, akaupapasa, akaunga. "Wewe toka utoto ukitumwa chumvi unarudi na habari za mwenye duka."

"Nisamehe, dada."

"Nimesikia. Sasa huyo Sista amesema nini?"

"Ameenda kumuuliza Padre. Kwa sababu hujui kusoma."

"Mwambie sitaki kusoma. Nataka kuangalia."

Nikampa simu amwambie mwenyewe. Sista alipopokea, dada hakumuuliza habari za mvua. Alisema, "Mwanangu, mimi ndiye mwenye jicho. Nije lini?" Sikusikia jibu, ila niliona dada anaitikia kwa kichwa, kisha anakunja uso. "Hata ugoro?" akauliza. "Haya. Nitauacha nje."

Padre alikubali. Nilitakiwa kuleta barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji cha dada, na hiyo niliifuata siku hiyo hiyo bila kumsalimu mtu zaidi ya inavyotakiwa. Kwenye karatasi ya maktaba, Sista alimwandika dada kama mtafiti na mimi kama msaidizi wake. Dada alipoelezwa alifurahi mno, na tangu siku hiyo akinituma maji huniita msaidizi.

Tulikwenda kabla mvua hazijaanza kuharibu barabara. Sista alituonyesha mahali pa kunawa mikono, akachukua begi letu, akanipa penseli kwa sababu kalamu ya wino haiingii. Kisha akaenda kabatini akarudi na kitabu amekibeba kwa mikono miwili. Akakiweka juu ya mto mdogo wa kitambaa, akafungua taratibu mpaka kwenye ukurasa, akasogeza taa ya meza na lenzi kubwa ya mkono.

Niliona mimi kwanza. Mwanamume ameketi chini, miguu ameinyoosha, na mbele yake nguo imetandazwa kati ya miti iliyopigwa chini kwa vigingi. Mistari ilikuwa myembamba na safi. Nilitaka kumweleza dada, Sista akanigusa bega, nikafunga mdomo.

Dada aligeuza kichwa pembeni, kama kuku anavyotazama punje, ili lile jicho la kushoto lipate upande wake mzuri. Akakaa hivyo muda mrefu. Kidole chake kilitembea hewani juu ya karatasi bila kuigusa.

"Huyu si babu," akasema.

"Hapana, ni mtu mwingine. Ni zamani zaidi."

"Huyu ana masharubu." Kidole kikasimama. "Huu hapa. Mti huu unapita juu, halafu huu mwembamba chini yake umefungwa kwa uzi. Mimi niliwaambia watoto waufunge huu wa juu. Ndiyo maana nyuzi zililegea. Chora."

Nikachora. Nachora vibaya, na alinifanya nirudie mara kadhaa, akiinama juu ya karatasi yangu, kisha juu ya kitabu, kisha juu ya karatasi yangu. Sista alituachia meza yote.

Tatizo lilikuja kwenye vipimo. Mchoro haukuonyesha nguo ina upana gani, na yale maneno ya chini, ambayo Sista alitusomea kwa kutafsiri polepole, yalieleza tu kwamba watu hawa wanafuma pamba. Dada akasema upana ndio kila kitu. Ukikosea, mkono hautafika ng'ambo, na kazi ya watu wawili inageuka ugomvi.

"Babu alikuwa mrefu?" Sista akauliza.

"Alikuwa kama huyu msaidizi. Mikono hii hii mifupi." Dada akafikiri. Kisha akasukuma kiti nyuma, akashika ukingo wa meza, akaanza kushuka sakafuni.

"Bibi, sakafu ni baridi," Sista akasema.

"Babu hakufumia juu ya kiti."

Sista akaangalia mlango, halafu akakifunga kitabu na kukirudisha kabatini, halafu akaja kunisaidia kusogeza viti. Dada alikuwa amekwisha kukaa, khanga ameibana vizuri, miguu ameikunja upande mmoja kama msichana. Akanionyesha mahali mbele yake. Magoti yangu hayapendi sakafu, lakini nilikaa, nikanyoosha miguu kama yule mtu wa masharubu.

"Sista, nipe kitu kirefu," dada akasema, naye akapewa rula ya mbao. Akaishika ncha moja, akanyoosha mkono juu ya sakafu tupu iliyokuwa kati yetu. "Pokea. Usiinuke. Babu hakuinuka."

Nikapokea, nikaipitisha ile rula upande wangu, nikamrudishia. Mara ya kwanza tuligongana vidole. Mara ya pili rula ilianguka, Sista akaiokota. Dada alikuwa amefumba macho yote mawili, hata lile linaloona, na mkono wake ulikuwa unakuja na kurudi bila haraka, kila safari ukiishia mahali pale pale.

"Umekaa karibu mno," akasema. "Sogea nyuma kidogo."

Nikasogea. Sista akapiga magoti pembeni yetu na utepe wa kupimia, aupime ule upana kati yetu.